Springi ya Pijo ya Ouma

Benchi langu limeegemea ukuta wa nyumba yangu hapa Kaloleni, Kisumu, upande unaopata kivuli asubuhi. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na mbele yake kuna jiko langu na birika la kahawa ya tangawizi. Mimi ni Wepukhulu, mtu wa Bungoma, lakini jina hilo lilishawashinda watu wa hapa, wananiita Birika. Wateja wangu wa kila siku ni watatu. Kuna Ogola, aliyekuwa mkalimani wa korti hadi akastaafu, tunamwita Wakili. Kuna Oduor, aliyekuwa taniboi, yaani utingo, wa lori miaka kumi na moja akatoka huko akijiita fundi, tunamwita Difu, kama ile gia ya nyuma ya lori. Na kuna Gordon wa Asembo Bay, muuza nyavu na kamba, tunamwita Mbuta, kama yule samaki mkubwa wa ziwani, kwa sababu ya tumbo na kwa sababu ya biashara. Siku nyingine hawa watu hupiga kelele hadi majirani wanafunga madirisha. Jumapili ile ya Aprili 1989 walikuja kabla ya kengele ya kanisa, wakakaa, na hakuna aliyeitisha kahawa.

Nami sikuwamiminia. Nilikuwa na hasira nao, na nilikuwa na hasira nyingine kubwa zaidi ambayo sikutaka kumtafuta mwenyewe wake.

Ng'ambo ya njia lilikuwa gari la Ouma, Pijo 404 ya mwaka wa sitini na tano, rangi ya maziwa, imeinuliwa mbele juu ya mawe, gurudumu la kushoto limelazwa kando. Kando ya gurudumu kulikuwa na doa ambalo mke wangu Nelima alikuwa amelimwagia majivu. Ouma walimbeba jana yake saa saba mchana kwa pikapu ya mtu, wakampeleka hospitali kubwa, ile tunayoita Russia. Aoko, mke wake, alienda naye, na tangu hapo hakuwa amerudi wala kutuma neno. Kama Ouma alikuwa hai au la, hatukujua.

— Mimi bado masikio inalia, Difu akasema.

— Ilikuwa kama bunduki, Mbuta akasema.

— Hiyo si springi. Mimi nimekaa na magari miaka kumi na moja. Springi haiwezi kupiga mtu hivyo.

Wacha nieleze mwenyewe vile ilikuwa, maana hawa ukiwaachia watakuzungusha mpaka usahau ulikotoka.

Ouma ni karani wa reli, mtu mpole, hata akikanyagwa anaomba msamaha yeye. Pijo aliinunua kwa mkubwa wake aliyekuwa anastaafu, na alikuwa anaipenda sana, anaiosha hata siku za mvua. Lakini mbele ilikuwa imechoka. Bushi za mpira zilikuwa zimeliwa zikaisha, shokapsoba zinavuja mafuta, na ikiingia kwenye shimo unasikia kong', kong', unajua Ouma anakuja kabla hujamwona.

Sasa mama mkwe wake, Mama Seline, alikuja kutoka Asembo kutibiwa presha. Mama mkwe halali nyumba ya mkwe wake. Kwa Wajaluo ni hivyo, na kwetu Wabukusu ni hivyo hivyo. Hawashikani mkono, hawaangaliani usoni, hawaitani jina, na neno lolote la kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine linapitia kwa binti. Kwa hivyo Mama Seline alilala kwangu, chumba cha Nelima cha kushonea. Wiki mbili Aoko alikuwa akivusha chakula njia kumletea mama yake. Ouma akipita asubuhi kwenda kazini, mama anageuza uso, na Ouma anainamisha kichwa, kila mtu ameridhika. Heshima yao ilikuwa inapendeza hata kuitazama.

Kliniki ilipoisha, mama alikuwa arudi kwake Jumatatu. Ouma akasema mama mkwe wake hatapakiwa basi kama gunia la mihogo. Atampeleka mwenyewe kwa Pijo, mama nyuma na Aoko, lakini si kwa gari linalogonga hivyo. Akanunua bushi mpya na shokapsoba mpya. Fundi wake akamzungusha siku nne, leo kesho, leo kesho. Jumamosi asubuhi Ouma akavaa suruali mbovu, akatoka na jeki na spana, akasema atafanya mwenyewe hapa nyumbani.

Difu alichukia. Karani kufungua mbele ya gari, hiyo ilikuwa dharau kwake. Asubuhi nzima alimpigia kelele za maelekezo kutoka hapa benchini, fungua hii, usifungue ile, na hakuinua makalio yake hata mara moja.

Kwa asiyejua, Pijo ile shokapsoba yake inapita katikati ya springi kubwa, upana wake ni kama sufuria ndogo. Springi hiyo imebanwa juu na chini, na juu kabisa kuna nati moja inayoizuia. Ukifungua ile nati kabla hujaikaba springi, inaruka. Mafundi wana vyuma vyao vya kuikabia. Ouma hakuwa navyo. Basi Mbuta, kwa roho nzuri, nasema kwa roho nzuri, akaenda kwenye mzigo wake akamletea kamba ya nailoni ya kijani, ile ya kuvutia nyavu za mbuta. Ouma akaifunga springi wakati gari bado limeikalia, mizunguko mingi, mafundo ya nguvu ambayo Mbuta mwenyewe alimfundisha. Halafu akainua gari na jeki, akafungua boliti, akakitoa kitu chote kizima na kukilaza juu ya gunia. Aliuliza kama kamba itashika. Mbuta akamwambia samaki mkunje angali mbichi. Mpaka leo sijajua alitaka kusema nini, lakini Ouma aliitikia.

Mama Seline alikuwa ameketi mlangoni pangu, anamenya njugu. Aliangalia ile kamba muda mrefu. Halafu akaniita, sauti ya chini.

— Birika. Mwambie baba ya watoto kamba ya nailoni inavutika. Springi haifungwi na kitu inavutika. Afunge na mnyororo, ama angoje Aoko arudi.

Aoko alikuwa ameenda mazoezi ya kwaya. Nelima alikuwa mtoni na nguo. Aliyebaki wa kutumwa ni mimi.

Nikasema sawa, Mama. Birika lilikuwa mkononi mwangu. Ouma alikuwa hatua kumi na tano kutoka pale niliposimama, amepiga magoti, anatafuta spana ya kuingia kwenye ile nati. Nami badala ya kuvuka njia niligeukia benchi nikawaambia wao. Ukiniuliza kwa nini, nitakwambia birika lilikuwa moto na vikombe vilikuwa tupu. Ukiniuliza tena nitakwambia ukweli: nilitaka kusikia watasema nini.

Na walisema. Difu alicheka hadi akamwaga kahawa, akauliza tangu lini mama wa njugu akafundisha watu springi, na hiyo springi ni ya sitini na tano, imekufa zamani, haina nguvu hata ya kuruka ukuta wa kuku. Mbuta alikasirika kabisa. Kamba yake inavuta wavu wenye samaki wa kilo mia na wanaume wanane upande wa pili, leo inaambiwa inavutika? Akasema mtu akimpelekea Ouma maneno hayo, basi amemtukana yeye na ukoo wake. Wakili akanyoosha mkono kama yuko kortini. Akasema shida si kamba, shida ni utaratibu. Neno la mama mkwe haliwezi kumfikia mkwe kwa mdomo wa mtu baki. Mkalimani wa neno hilo ni Aoko, na Aoko hayuko, kwa hivyo kesi inaahirishwa. Kisha akatuambia tusiwe na wasiwasi, penye wazee haliharibiki neno.

Niliwauliza mara mbili, sasa nani anaenda? Kila mmoja akajibu kitu kingine kizuri. Nikarudia kumimina.

Sijui zilikuwa dakika ngapi. Tulisikia mlio, halafu chuma kikigonga mlango wa gari. Ouma alikuwa chali. Taya lake halikuwa mahali pake.

Tulisimama wote wanne, na hakuna aliyepiga hatua. Mama Seline ndiye aliyepita katikati yetu, njugu zikimwagika, mama wa miaka sitini na kitu mwenye presha, akakimbia akaketi kwenye oili na damu, akachukua kichwa cha mkwe wake akakilaza mapajani mwake. Alitia vidole mdomoni mwake akatoa meno na damu ili apate hewa. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akamfunga taya nacho, kichwa chake cha mvi kikabaki wazi mbele ya watu.

— Ouma, alisema. Ouma, pumua.

Alimtaja jina. Nasema kwa aibu, hicho ndicho kilitushtua kwanza. Mtu alikuwa anakufa, na sisi tulikuwa tumeshikwa na mshangao kwamba mama mkwe amemshika mkwe kichwa na kumwita jina.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Aoko alifika kutoka kwaya wakati wanampakia Ouma kwenye pikapu. Kuanzia hapo Mama Seline alilala chumbani akigeukia ukuta, hali chakula, hanywi maji, dawa ya presha ameikataa. Alimwambia Nelima amemgusa mkwe kwa mikono yake, na Ouma akifa itakuwa ni chira, ile laana ya kuvunja mwiko, na yeye ndiye ameileta.

Sasa Jumapili hawa watu walianza polepole, na kama kawaida yao hawakujua pa kusimama. Wakili akasema lazima kuwe na mbuzi na wazee wa pande mbili, na bila hivyo hata daktari wa Ulaya hataweza kitu. Akasema pia maji yakimwagika hayazoleki, kisha akaanza kutueleza jinsi ya kuyazoa. Difu akasema tatizo ni ile springi yenyewe, haikuwa ya gari lile, ilitolewa kwa gari lililoua mtu barabara ya Busia, na chuma kikishaonja damu hakiachi.

— Umejuaje? nikamwuliza.

— Gari inaongea, Birika. Hiyo kong' kong' ilikuwa inaongea.

Mbuta alikuwa amevuka njia akarudi na ile kamba. Aliinyoosha mapajani, akaipapasa fundo kwa fundo.

— Tazameni, akasema. Haijakatika.

Kweli haikuwa imekatika. Ilikuwa nzima, mafundo yote mahali pake, ila ilikuwa imelegea na kurefuka, unaweza kupitisha kichwa cha ng'ombe. Tukaitazama. Kila mmoja alikumbuka Mama Seline alisema nini kuhusu nailoni, niliona nyusoni mwao.

Badala ya kulitamka, Difu akainama mbele, akashusha sauti. Akauliza, mtu anayejua kitu kabla hakijatokea, huyo ni nani? Mbuta alijibu haraka sana, kama mtu aliyekuwa analitafuta neno hilo tangu alfajiri.

— Jajuok.

Jajuok kwa Kijaluo ni mchawi, yule anayecheza usiku kwenye maboma ya watu. Wakili hakukataa. Akasema alishawahi kutafsiri kesi ya mwanamke aliyetazama paa likaanguka. Difu akasema sasa anakumbuka mama alikuwa anamenya njugu moja moja, na midomo yake inacheza. Mbuta akasema hata kamba yenyewe aliiona ikisogea. Na mama waliyekuwa wakimsema alikuwa nyuma ya ukuta ule ule walioegemea migongo.

Nelima alitoka. Nelima hana maneno mengi, na akitoka nje na mikono yenye unga ujue umekosa.

— Marehemu mume wa Mama Seline alikuwa fundi wa malori ya samaki pale Asembo, akasema. Mama alimshikia spana miaka ishirini. Huyo mama amefunga springi nyingi kuliko vile nyinyi mmefunga viatu.

Akarudi ndani. Difu alikaa akiangalia miguu yake, alikuwa amevaa akala, zile ndara za tairi zisizofungwa kamba.

— Hakutuambia, akasema.

— Hatukumwuliza, nikasema.

Wakili alikuwa anatafuta methali ya kutuokoa wakati kijana mmoja alipoingia kwenye njia yetu, vumbi hadi magotini, kofia mkononi. Ni Amolo, kaka mdogo wa Aoko, mtoto wa mwisho wa Mama Seline. Habari zilimkuta Asembo jioni, akatoka alfajiri, akapitia hospitali kwanza. Tuliinuka. Alitusalimia mmoja mmoja kwa heshima, wazee, wazee. Sikuweza kumwacha amalize salamu, nikamwuliza Ouma yuko vipi.

Yuko hai, akasema. Macho yamesalimika. Taya limevunjika mara mbili, wamelifunga kwa waya, hawezi kufungua mdomo, anakunywa maziwa kwa mrija. Lakini yuko hai, na amemshika Aoko mkono.

Mbuta alifunika uso kwa ile kamba akalia, mtu mzima na tumbo lake. Difu akasema asante Mungu, asante Mungu. Mimi nikaketi kwenye ndoo. Kwa mara ya kwanza tangu jana nilishika birika, nikawamiminia wote.

Amolo aliingia ndani kwa mama yake. Tulisikia kilio kifupi, kisha mazungumzo ya chini kwa Kijaluo. Alipotoka hakuketi.

— Wazee, nashukuru vile mmekaa na mama, akasema. Amefurahi kusikia. Lakini bado amekataa kula. Kuna kitu moja anauliza.

Wakili akamwambia aulize, mwanangu, kuuliza si ujinga.

— Anasema jana alituma maneno kwa Ouma, mambo ya kamba. Anauliza, hayo maneno ilimfikia akakataa, ama haikumfikia?

Kikombe cha Difu kilisimama hewani.

Amolo alidhani hatujaelewa, akatueleza taratibu. Kama Ouma aliambiwa akakataa, basi huo ni ukaidi wa mwanamume, mama ameshazoea ukaidi wa wanaume, atasamehe na atakula. Lakini kama neno halikufika, basi yeye ndiye mwenye kosa. Angeinuka mwenyewe, amwambie Ouma kwa mdomo wake, mwiko au bila mwiko. Alikaa kumenya njugu kwa sababu ya heshima, na mkwe wake nusura afe. Hilo hawezi kujisamehe, na kwa hilo hatakula.

Nilimtazama Wakili. Miaka thelathini alibeba maneno ya watu wengine kortini, ya wezi na ya mahakimu, hajawahi kuangusha hata moja. Alikuwa anatazama ndani ya kahawa yake. Mbuta alikuwa anaizungusha kamba mkononi, raundi baada ya raundi. Mimi ndiye niliyepewa neno lile. Mimi, kwa jina langu, nikasema sawa, Mama. Nilifungua mdomo, naapa niliufungua, na ulimi ukakataa.

Amolo ni kijana aliyelelewa vizuri. Aliona wazee wanne wameinamisha vichwa, akadhani ni adabu.

— Nimeelewa, akasema polepole. Hamtaki kumsema mgonjwa. Basi nitamwambia ilimfikia.

Akaingia. Hakuna aliyemwita arudi. Difu alinitazama, nami nikamtazama Difu, na kwenye ukuta nyuma ya migongo yetu tukasikia kitanda kikilia, mama anaketi. Akasema kitu, na Nelima akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Kiswahili chake mama tulikisikia vizuri.

— Nilijua. Huyo Ouma ni mkaidi sawa na marehemu. Nelima, nipatie uji.

Nelima alitoka kuchukua makaa kwenye jiko langu. Hakuniangalia, alikuwa na haraka ya uji. Muda mfupi Amolo naye akatoka, uso wake umepoa, ameshaona mama amekunywa kikombe na amemeza dawa yake. Akatushika mkono mmoja mmoja, sote wanne, mikono miwili kila mtu, akashukuru kwamba dada yake ana majirani. Akavaa kofia. Akasema sasa anarudi kumwambia Ouma asiwe na shaka, mama ameshamsamehe kwa kutosikia maneno yake, na kwamba daktari atatoa waya baada ya wiki sita, hapo Ouma ataweza kuongea.